Pumzi za mkimbiaji wa Iringa zina kilokalori ngapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya bweni hapa Kihesa, Iringa. Nina wakimbiaji 12 wanaofanya mazoezi mara 3 kwa wiki, saa nzima kila mara, na siku moja kati ya hizo tunapanda kutoka Ipogolo hadi mjini. Nimesoma kwamba pumzi ya mtu inaweza kuonyesha nguvu anayotumia. Nikahesabu: vijana wawili wa kilo 60 wanakimbia sambamba, mmoja anavuta pumzi 34 kwa dakika, mwingine 48. Je, wa pili anatumia nguvu zaidi? Mwenzangu wa fizikia tukashirikiana tukakusanya pumzi ya yule wa kwanza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki kwa dakika moja, tukaipima kwa maji, tukapata lita 60. Mtandaoni nikaelekezwa kwamba mwili unachukua asilimia 5 ya hewa, na kila lita ya oksijeni ni kilokalori 5, kwa hiyo nikapata kilokalori 15 kwa dakika. Saa yangu ya mkononi inasema 18. Nishike ipi? Ninauliza kwa sababu nataka kumwambia mpishi wa shule aongeze chakula kiasi gani, na yule wa pumzi 48 amepungua kilo 3 tangu muhula uanze, wiki 10 zilizopita.

Jibu: Marahaba mwalimu, na kamwene. Swali lako limenifurahisha, maana umefanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Hukuridhika na namba ya saa, ukachukua mfuko ukapima mwenyewe. Hesabu yako ina kasoro, nami nitaifungua kipandekipande, lakini njia uliyoishika ndiyo yenyewe.

Nianze na msingi. Mwili hauna namna ya kutoa nguvu kwa muda mrefu bila kuunguza chakula, na hauna namna ya kuunguza chakula bila oksijeni. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, Wafaransa wawili, walilionyesha hili kwenye miaka ya 1780. Walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye huko kwenu bado anafugwa jikoni chini ya mafiga, ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Wakapima maji yaliyoyeyuka kutokana na joto lake, kisha wakapima hewa anayoitoa. Viwili hivyo vilikaribiana kiasi cha kumfanya Lavoisier aseme kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, kama mshumaa. Toka hapo ikajulikana kwamba huhitaji kumfungia mtu ndani ya barafu ili ujue joto na kazi yake. Pima oksijeni iliyopotea kati ya pua na mdomo, utajua moto ulivyowaka ndani.

Angalia neno hilo, mwalimu: oksijeni iliyopotea. Wala idadi ya pumzi wala lita za hewa si jibu lenyewe. Pumzi ni kama mapipa yanayoshuka kisimani. Ukihesabu mapipa bila kujua ukubwa wake, wala kila moja limepanda na maji kiasi gani, bado hujajua familia imekunywa nini.

Sasa tuje kwa vijana wako wawili. Wa kwanza anapumua mara 34, na mfuko wake ulipata lita 60 kwa dakika. Kila pumzi yake ni kama lita 1.76. Wa pili anapumua mara 48, na kila pumzi tuseme ni lita 1.25. Hizo nazo ni lita 60. Umeona? Tofauti ya pumzi 14 imeyeyuka yote. Watu wawili wenye kilo sawa, mwendo sawa na njia sawa hutumia oksijeni inayokaribiana, hata kama mmoja anahema kama mbwa aliyetoka kuwinda na mwingine ametulia. Idadi ya pumzi inafuata tabia za mtu: wengine hupumua kwa kufuata hatua za miguu, hatua mbili kuvuta na mbili kutoa, wengine wana kifua kidogo, wengine wana wasiwasi kwa sababu mwalimu anawatazama na stopwochi mkononi. Asubuhi ya baridi ya Iringa nayo inabadilisha.

Kuna gharama moja ndogo ambayo wa pumzi fupifupi anailipa kweli. Katika kila pumzi, kiasi kinachokaribia sentilita 15 za hewa hubaki kwenye koo na njia za hewa bila kufika kwenye vifuko vya mapafu, kisha kinatolewa kama kilivyoingia. Kwa pumzi 34 hiyo ni lita 5 zilizopotea bure, kwa pumzi 48 ni zaidi ya lita 7. Kwa hiyo wa pili anasukuma misuli ya kifua zaidi ili apate kilekile. Ni gharama ndogo na haielezi kilo 3 zilizopotea. Tutarudi kwa kijana huyo, maana yeye ndiye mwenye swali kubwa.

Tuingie kwenye mfuko wako. Mfuko wa namna hiyo una historia yake. Claude Gordon Douglas wa Oxford aliueleza mwaka 1911, na mpaka leo maabara nyingi zinauita mfuko wa Douglas. Mwaka huohuo Douglas alikuwa pamoja na John Scott Haldane na wenzao juu ya Pikes Peak, mlima wa Marekani wenye urefu wa mita zinazokaribia 4,300, wakichunguza jinsi mtu anavyopumua mahali penye hewa nyepesi. Walijua jambo ambalo kanuni yako ya mtandaoni imelisahau, nalo ni jambo linalotuhusu sisi watu wa nyanda za juu kuliko mtu wa Tanga au Dar es Salaam.

Lita ya hewa ya Iringa si sawa na lita ya hewa ya pwani.

Iringa iko juu kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini takribani 1,700, na ukienda Kitulo unagusa 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua uzito, na ile iliyokuzunguka inatanuka. Pwani mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki. Iringa ni kama 630, Mbeya ni kama 625. Lita moja bado ni lita moja kwenye ndoo yako, lakini ndani yake molekuli ni chache. Na misuli haihesabu lita, inahesabu molekuli.

Ndiyo maana wanaopima nishati kwa pumzi hukubaliana kurudisha kila lita kwenye hali moja sanifu: nyuzi 0 za joto, mgandamizo wa milimita 760, na hewa kavu isiyo na mvuke. Ukichukua hewa iliyojaa mvuke yenye nyuzi 20, pwani utazidisha lita zako kwa 0.91. Iringa, kwa mgandamizo wa 630, utazidisha kwa 0.75. Lita zako 60 zinakuwa 45. Robo nzima ya ulichodhani umekipima imeondoka, nawe hujafanya kosa lolote la mikono.

Hili nalijua kwa maumivu. Nilipoanza kazi Mbeya, kwenye maabara moja tulitumia jedwali la kusahihishia lita lililoletwa na mashine, nalo lilikuwa la usawa wa bahari. Kwa miezi kadhaa kila mtu tuliyempima alionekana anakula nishati kama anabeba mzigo asiouona. Tukaanza kutafuta sababu kwenye baridi, kwenye chakula, hata kwenye asili ya watu. Sababu ilikuwa ukutani, kwenye barometa ambayo hakuna aliyeisoma. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya hesabu yoyote ya pumzi katika mikoa yetu, andika mgandamizo wa hewa wa siku hiyo na joto la hewa iliyomo mfukoni. Mwenzako wa fizikia huenda ana barometa kabatini. Na kama una simu yenye kihisi cha mgandamizo, inatosha kwa kuanzia, mradi usome ule mgandamizo wa mahali ulipo. Namba za utabiri wa hali ya hewa mara nyingi zimekwisha kurudishwa kwenye usawa wa bahari, nazo zitakudanganya.

Sasa mtu mwenye haraka atasema: basi nichukue lita 45, nizidishe kwa asilimia 5, nipate lita 2.25 za oksijeni, mara 5, ni kilokalori 11. Hapana, subiri kidogo. Hapa ndipo pana utamu wa jambo lenyewe.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.93 kila mahali, Dar es Salaam, Iringa, hata kilele cha Rungwe. Kinachobadilika ni ile tunayoitoa. Vitabu vingi huandika kwamba hewa itokayo mdomoni ina oksijeni kama asilimia 16 hadi 17 na kabonidayoksaidi kama 4. Ni kweli kwa mtu wa pwani. Lakini ubongo, unapoamua mtu apumue kiasi gani, haulindi asilimia. Unalinda mgandamizo wa kabonidayoksaidi kwenye damu, na mtu akiwa ametulia huuweka karibu na milimita 40. Pwani, ukiondoa mvuke, hiyo 40 ni sehemu ya 713, yaani asilimia 5.6 ya hewa iliyo ndani kabisa ya mapafu. Iringa hiyohiyo 40 ni sehemu ya 583, yaani karibu asilimia 6.9. Kwa maneno mengine, hewa yetu ni nyepesi, lakini mapafu yetu yanaikamua zaidi. Kila lita inatoka na kabonidayoksaidi nyingi zaidi kwa asilimia, na oksijeni kidogo zaidi. Mtu wa juu anapumua zaidi kidogo kuliko wa pwani, kwa hiyo hiyo 40 inashuka kidogo, ila mwelekeo ni huo.

Basi tuchukulie kwamba mfuko wako, ungepimwa kwa kipimio, ungeonyesha oksijeni asilimia 15.3. Ni namba ninayoitegemea kwa kijana anayekimbia mwendo wa wastani kwenye mwinuko wenu. Hapa namleta J. B. de V. Weir wa Glasgow, ambaye mwaka 1949 alirahisisha hesabu iliyokuwa inachosha watu. Njia kamili inataka upime oksijeni iliyotumika na kabonidayoksaidi iliyotoka, kisha uzidishe lita za oksijeni kwa 3.941 na lita za kabonidayoksaidi kwa 1.106, ujumlishe. Weir akaonyesha kwamba ukijua oksijeni peke yake kwenye hewa iliyotolewa, unafika karibu palepale: toa 0.05 mara asilimia ya oksijeni kutoka 1.046, utapata kilokalori kwa kila lita sanifu ya pumzi.

Kwa mfuko wako: 0.05 mara 15.3 ni 0.765. Toa hiyo kwenye 1.046, inabaki 0.281. Zidisha kwa lita 45. Kijana ametumia kilokalori 12.6 kwa dakika.

Ukisahau mwinuko na kutumia ile 0.91 ya pwani, unapata 15.3. Ukikumbuka mwinuko lakini ukachukua oksijeni ya vitabuni, tuseme 16.5, unapata chini kidogo ya 10. Mfuko ni uleule, kijana ni yuleyule, na majibu yamezunguka kutoka 10 hadi 15. Ndiyo maana nasema lita peke yake, bila kipimio cha oksijeni, hazikupi namba ya kumpelekea mpishi. Ile 15 yako ilitokana na makosa mawili yaliyovutana kila moja upande wake, moja likazidi.

Kuhusu ile kilokalori 5 kwa lita ya oksijeni, uliyoambiwa si uongo. Mtu anayeunguza mafuta matupu anapata karibu 4.7 kwa kila lita, anayeunguza wanga mtupu anapata karibu 5.05. Kijana aliyekula ugali na maharage jana usiku na anakimbia mwendo wa kawaida atakuwa katikati, karibu 4.9. Tofauti ni ndogo, isikunyime usingizi.

Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kile kilima cha Ipogolo. Njia hii yote ya pumzi inasimama juu ya sharti moja: mwili uwe umetulia katika kazi yake, oksijeni inayoingia ilingane na inayotumika. Dakika 2 au 3 za kwanza za mbio hazifai kupimwa, maana misuli inakopa. Anza kukusanya baada ya dakika ya 4. Na mtu akipanda mlima kwa nguvu zote, sharti linavunjika kabisa. Misuli inatoa asidi, damu inaizima asidi hiyo kwa bikaboneti iliyonayo. Umewahi kuona magadi yakikamuliwa ndimu yanavyofoka? Lile povu ni kabonidayoksaidi. Ndani ya damu kinatokea kitu cha namna hiyohiyo: kabonidayoksaidi inaongezeka ambayo haikutokana na kuungua kwa chakula, na mapafu yanalazimika kuitoa. Kijana anahema mara mbili, mfuko unajaa haraka, lakini oksijeni haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Ukihesabu lita za pale juu ukadhani zote ni nishati, utamlisha kijana chakula cha watu wawili.

Dalili yake huhitaji mashine kuijua. Kijana anayeweza kukujibu sentensi nzima bado yuko kwenye eneo ambalo pumzi na nishati vinakwenda sambamba. Anayejibu neno mojamoja ameshavuka. Kama kuna kipimo kimoja cha pumzi ninachotaka ukitumie kila siku uwanjani, ni hicho, tena kwa kupangia ugumu wa mazoezi, na hesabu ya kalori uiache pembeni.

Kwa kilima chenyewe nakupa hesabu ya fizikia, mwenzako ataipenda. Kuinua kilo 60 kwa mita 100 kwenda juu ni kazi ya jouli zisizopungua 58,000, yaani kilokalori 14. Misuli, kama injini nyingine, hugeuza takribani robo tu ya mafuta yake kuwa kazi, inayobaki inakuwa joto. Kwa hiyo kila mita 100 za kupanda zinamgharimu kijana wako kilokalori 55 hadi 70 juu ya gharama ya umbali. Kushuka hakumrudishii zote.

Na kwa tambarare kuna kanuni ambayo imekaa miaka mingi na bado ni nzuri: kukimbia kilomita moja kunagharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili. Kijana wa kilo 60 anayekwenda kilomita 12 kwa saa atatumia 720 kwa saa, yaani 12 kwa dakika. Ilinganishe na ile 12.6 ya mfuko uliosahihishwa. Kanuni hii haibadiliki sana kwa mwinuko, maana kazi ileile inadai oksijeni ileile, iwe Kyela ziwani au Makete. Kinachobadilika ni lita ngapi za hewa mapafu yazungushe ili oksijeni hiyo ifike. Na saa yako ya 18? Saa nyingi hukisia kutokana na mapigo ya moyo, na moyo hupiga kasi zaidi kwa sababu nyingi: mwinuko kwa mtu ambaye hajauzoea, joto, kiu, usingizi mdogo. Usimwonyeshe mpishi.

Kabla sijafika jikoni, maneno mawili ya usalama ambayo siwezi kuyaacha. Mfuko wa kupimia lazima uwe na vali inayopitisha hewa upande mmoja tu: kijana anavuta hewa ya nje, anatolea mfukoni. Asivute kamwe kutoka ndani ya mfuko, hata kwa mchezo. Oksijeni iliyomo inakwisha na mtu anaweza kuzimia kabla hajajua kinachomtokea. Na usimfunike mtu kichwa wala uso kwa plastiki. La pili ni bomba la mdomoni: kila mtoto awe na lake, lichemshwe au lioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Bweni ni mahali ambapo kifua kikuu hupita kwa urahisi, na sisi hatupendi kuwa njia yake. Mwenye pumu apumzishwe siku ya kipimo.

Mkitaka kuendelea kujifunza na mwenzako, mfuko huo ni somo zuri la fizikia na baiolojia. Mpitishe hewa yake kwenye maji ya chokaa watoto waone yanavyogeuka meupe. Pimeni lita za mtu aliyekaa, anayetembea, anayepanda na kushuka kwenye benchi, kisha mchore mstari wa kila mmoja. Mtaona mistari haifanani: kila mtu ana mteremko wake. Mkipata nafasi ya kwenda chuo chenye kipimio cha oksijeni mkapima hata vijana 3 tu, mtaweza kuweka namba za kweli juu ya mistari hiyo, na kuanzia hapo lita za kijana yuleyule, kwa mwendo wa wastani, mahali palepale, zitakuwa na maana. Ila mstari wa mmoja usiuvike kwa mwingine.

Sasa chakula. Chukua 12.6 kwa dakika, toa kama 1.2 ambayo kijana angeitumia hata akikaa darasani, maana hiyo mpishi tayari anaipika. Inabaki 11.4. Kwa saa moja ni kama 680, kwa vipindi 3 vya wiki ni kama 2,050, na ukigawanya kwa siku 7 ni kama 290 kila siku. Siku ya kilima ongeza kidogo. Hiyo ndiyo nyongeza ya kila mkimbiaji wa kilo 60.

Ajabu ni kwamba jibu hili ulikuwa nalo kabla hujanunua mfuko. Kijana wako wa pumzi 48 amepoteza kilo 3 kwa wiki 10. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kilokalori zinazokaribia 7,700. Kilo 3 ni 23,100, gawanya kwa siku 70, unapata 330 kwa siku. Sehemu ya kilo hizo inaweza kuwa maji au msuli, kwa hiyo usiishike kama msumari, lakini tazama jinsi ilivyo jirani na 290. Mizani na mfuko vimesema neno moja: kijana anakimbia mazoezi yote kwa akiba ya mwili wake, kwa sababu sahani yake haijabadilika tangu aanze kukimbia.

Kilokalori 300 si nyingi kwa nyanda hizi. Gramu 85 za unga mkavu wa mahindi zinatosha. Au glasi ya maziwa pamoja na nusu ya parachichi kubwa, ambalo kwa watu wa Njombe na Rungwe ni tunda la uani. Au gramu 50 za karanga wapewe kabla ya kulala. Ningeanza na maziwa na karanga badala ya kuongeza ugali tu, kwa sababu vina protini, na tumbo la kijana aliyechoka halipokei mlima wa ugali saa 12 jioni.

Mpime kilo kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai, akiwa amekwenda haja na nguo nyepesi zilezile. Baada ya wiki 3 za nyongeza hiyo, kilo zikisimama au zikipanda, chakula kilikuwa ndicho tatizo. Zikiendelea kushuka, au akiwa na kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku au homa, asimame mazoezi na apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Pumzi 48 kwa kijana anayekimbia si ugonjwa. Pumzi nyingi pamoja na kilo zinazoshuka na kikohozi ni jambo ambalo daktari aliye karibu nawe anatakiwa alisikie kwa stetoskopu, asilisome kwenye barua.